UZI: 27 Agosti — Zanzibar 1896, Krakatau 1883, Addis Ababa 1975, Nairobi 2010. Tuisome siku hii vizuri

Bamvua (mleta uzi) · #1

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Kila ikifika 27 Agosti husambaa mitandaoni picha ileile: mbele ya mji wa Zanzibar, kasri limebomoka, na maandishi yanayosema "vita vifupi kuliko vyote duniani". Chini yake watu wanacheka. Mimi ni mtu wa Unguja na kicheko hicho kinaniuma, kwa sababu ndani ya dakika zile 38 watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa, wanaume kwa wanawake, na majina yao hayajulikani. Nimefungua uzi huu tuisome tarehe hii kama watu wazima. Nitaanza na Zanzibar, kisha nitakwenda kwenye miaka mingine iliyobeba tarehe hiyohiyo. Mwenye nyongeza asisite.

Tarehe 25 Agosti 1896, kabla ya adhuhuri, Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Haukupita muda binamu yake, Khalid bin Barghash, akaingia kasrini na watu wake na kujitangaza Sultani. Khalid hakuwa mtu wa kuokota. Baba yake ndiye Sayyid Barghash, aliyejenga Beit al-Ajaib na kuuletea mji maji ya bomba. Kwa watu wengi wa mjini, mtoto wa Barghash kukalia kiti cha Barghash halikuwa jambo la kuombea ruhusa.

Ila tangu 1890 Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza, na Waingereza walishikilia kwamba hakuna atakayekuwa Sultani bila ridhaa yao. Mtu wao alikuwa Hamoud bin Mohammed. Khalid alishajaribu mara moja, mwaka 1893, Sultani Ali bin Said alipofariki, akaonywa, akaondoka. Safari hii aligoma.

Kiongozi wa Waingereza pale mjini siku hizo alikuwa Basil Cave, kwa kuwa mkubwa wake, Arthur Hardinge, hakuwepo. Bandarini zilikuwepo manowari Philomel na Thrush, ikaja Sparrow, kisha tarehe 26 zikaingia Racoon na St George, hii ya mwisho ikiwa na Admirali Harry Rawson. Khalid akapewa muda: bendera ishuke na watu watoke kasrini kabla ya saa 3 asubuhi ya tarehe 27.

Ndani na kandokando ya kasri walikusanyika watu kama 2,800: askari wa Sultani, watumishi, watumwa, na raia wa kawaida waliochukua silaha. Mizinga yao ilikuwa michache, miwili kati yake zawadi ya Mfalme wa Ujerumani. Saa 2:30 asubuhi Khalid akatuma mjumbe kusema bendera haitashuka, na kwamba haamini kama Waingereza watathubutu kumpiga. Cave akajibu kwamba hawapendi kupiga, lakini asipotii watapiga.

Saa 3:02 mizinga ikaanza. Majengo yale yalikuwa ya starehe na utawala, mengi yakiwa na mbao tele ndani, hayakujengwa kustahimili makombora. Meli ya Sultani, Glasgow, ilijaribu kuijibu St George kwa vile vizinga vyake vidogo, ikazamishwa palepale bandarini. Milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji kwa miaka mingi. Kufika saa 3:40 kasri lilikuwa linawaka, bendera imekatwa na kombora, na milio ikanyamaza. Manowari zilikuwa zimerusha makombora kama 500. Upande wa Waingereza alijeruhiwa mtu mmoja, baharia wa Thrush, na akapona. Alasiri ya siku hiyohiyo Hamoud akatangazwa Sultani.

Huyo mmoja tunajua cheo chake na meli yake. Wale 500 tumewaachia tarakimu tu, tena ya kukadiria.

Kigogo cha Mvule · #2

Nimekaa hapa, mkuu. Endelea kushusha.

Mwalimu wa Zamu · #3

Bamvua, shukrani. Mimi nafundisha historia sekondari, na kuna jambo nataka liwekwe wazi mapema kabla uzi haujatekwa na watu wa nyota na namba. Mwaka una siku 365. Historia iliyoandikwa ina maelfu kwa maelfu ya matukio makubwa. Lazima kila tarehe ijae. Chagua 3 Machi au 19 Novemba, utapata vita, kifo cha mfalme, na chombo kilichorushwa angani. Kwa hiyo tarehe kufanana hakuthibitishi kitu. Wanafunzi wangu hupenda sana kuuliza "kwa nini siku hii ina balaa?" na huwa nawaambia siku haina kosa.

Pili, hata hiyo "siku moja" ni moja kwa wanaotumia kalenda ya Gregori. Kasri la Zanzibar la 1896 lilihesabu kwa Hijria, na kwa Hijria kumbukumbu ya vita ile inazunguka misimu yote.

Bamvua · #4

Mwalimu, nakubaliana nawe kabisa na nashukuru umelisema. Sitafuti mkosi wa tarehe. Ninachofanya ni kuitumia tarehe kama mlango: ukiingilia hapo unakutana na habari ambazo vitabu vya shule vimeziweka vyumba tofauti, halafu unakagua moja moja kama zina uhusiano wa kweli au hazina. Nyingi hazina. Chache zinao, na hizo ndizo zilizonifanya niandike.

Nianze na isiyo na uhusiano wa kisiasa, lakini ilitufikia.

27 Agosti 1883, katika mlango wa bahari wa Sunda kati ya Java na Sumatra, kisiwa cha Krakatau kilipasuka. Volkano ilikuwa imeanza kufoka miezi mitatu kabla, ikachacha tarehe 26, na asubuhi ya 27 ikaja milipuko minne mikubwa. Ule mkubwa kupita yote ulikuwa saa 4:02 asubuhi kwa saa za huko. Sehemu kubwa ya kisiwa ikatumbukia baharini. Mawimbi yaliyoinuka yalifika urefu wa mita 30 na zaidi sehemu nyingine za pwani, yakafagia miji na vijiji. Meli moja ya Wadachi, Berouw, ilibebwa na maji hadi ndani ya bonde, kilomita kadhaa kutoka ufukweni. Waliokufa kwa hesabu rasmi ni 36,417, na wengi wao waliuawa na maji, si moto.

Sasa sikilizeni hili. Kisiwa cha Rodrigues kipo katika Bahari ya Hindi, karibu na Mauritius, kilomita kama 4,800 kutoka Krakatau. Mkuu wa polisi wa pale, James Wallis, aliandika kwamba alisikia kutoka mashariki mngurumo wa mbali kama wa mizinga mikubwa. Ndiyo sauti iliyosikika mbali kuliko zote zilizowahi kuandikwa. Msukumo wa hewa wa mlipuko ule uliizunguka dunia mara kadhaa, na vipima-hewa vya miji ya mbali viliendelea kuunasa kwa siku tano.

Mawe yake mepesi, yale yenye matundu yanayoelea, yaliungana baharini yakawa kama mazulia makubwa. Mkondo na pepo zikayavusha Bahari ya Hindi nzima hadi pwani ya Afrika. Mwaka huohuo wa 1883 ndio Sayyid Barghash alikuwa anaijenga Beit al-Ajaib.

Saa Sita Usiku · #5

Subiri kidogo. Krakatau ni saa 4:02. Zanzibar ni saa 3:02. Zote dakika mbili baada ya saa kamili, tarehe moja, bahari moja. Bado mnasema hakuna kitu hapo?

Mwalimu wa Zamu · #6

Hakuna kitu, ndugu yangu. Mwaka 1883 kila mji ulikuwa na saa yake kwa kulifuata jua lake. Mkutano wa kukubaliana saa za dunia kuanzia Greenwich ulifanyika Washington mwaka 1884, na nchi nyingi zilichelewa kuufuata kwa miaka mingi. Hiyo "saa 4:02" ni hesabu iliyopatikana baadaye kwa kulinganisha vipimo. Na saa 3:02 ya Zanzibar ina sababu iliyo wazi: muda uliisha saa 3 kamili, amri ikatolewa, mizinga ikalia. Dakika mbili za kupitisha amri kutoka meli hadi meli.

Bamvua · #7

Jibu limekamilika hilo.

Kabla sijaenda mbele nitaje kwa haraka mengine ya tarehe hii, kwa wanaopenda orodha. 27 Agosti 1859 Edwin Drake alipata mafuta kwa kuchimba kisima Titusville, Pennsylvania, kina cha mita 21 tu, na biashara ya mafuta ya petroli ikaanza kuchanua Marekani. 27 Agosti 1939 iliruka kwa mara ya kwanza ndege ya injini ya jeti, Heinkel He 178 ya Ujerumani, siku chache kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. 27 Agosti 1962 Wamarekani walirusha Mariner 2, chombo cha kwanza kuifikia sayari nyingine salama kikiwa bado kinatuma taarifa. Kilipita karibu na Zuhura. 27 Agosti 1979 jeshi la IRA, lililopigania Ireland ya Kaskazini itoke mikononi mwa Uingereza, lilimuua Lord Mountbatten, gavana mkuu wa mwisho wa Uingereza kule India, kwa bomu ndani ya mashua yake Ireland, na siku hiyohiyo wanajeshi 18 wa Uingereza wakauawa Warrenpoint. 27 Agosti 1991 Moldova ilijitangazia uhuru kutoka Umoja wa Kisovieti.

Hizo nazipita. Inayonigusa ni ya Paris.

27 Agosti 1928, miaka 32 kamili baada ya kasri la Zanzibar kuchomwa, wawakilishi wa nchi 15 walikaa Paris wakasaini mkataba wa kuikataa vita kama njia ya kuendesha siasa za mataifa. Unajulikana kwa majina ya waziri wa Marekani Frank Kellogg na mwenzake wa Ufaransa Aristide Briand. Ujerumani ilisaini, Italia ikasaini, Japani ikasaini, Uingereza ikasaini. Lakini Uingereza ilikuwa imeshaandika mapema mwaka ule kwamba kuna maeneo ya dunia ambayo usalama wake unaigusa kwa namna ya pekee, na kwamba huko haitakubali kufungwa mikono. Ukiwa Mzanzibari unaelewa mara moja kauli ile ililenga watu wa aina gani. Manowari za 1896 zingepita katikati ya mkataba ule bila kuguswa.

Msafiri wa Moyale · #8

Bamvua, hapo Paris umenigusa, na mimi nina cha kuongeza kwa sababu nimeishi Addis Ababa kwa kazi.

Ethiopia nayo ilijiunga na mkataba ule. Siku hizo mtawala halisi alikuwa Ras Tafari, ambaye mwaka 1930 alitawazwa kuwa Mfalme Mkuu Haile Selassie. Aliamini sana mambo ya mikataba na Shirikisho la Mataifa. Aliiingiza nchi yake humo mwaka 1923. Oktoba 1935 Italia, iliyosaini Paris, ikaivamia Ethiopia, ikatumia ndege na gesi ya sumu. Juni 1936 akasimama mbele ya Shirikisho Geneva kuwakumbusha wakubwa ahadi zao. Hawakumsaidia.

Sasa angalia alivyokufa. Aliondolewa madarakani na Derg, baraza la wanajeshi lililochukua nchi, tarehe 12 Septemba 1974, akawekwa kizuizini. Alifariki 27 Agosti 1975. Serikali ikatangaza kwamba alikufa kwa matatizo ya kupumua kufuatia matibabu. Hakukuwa na mazishi. Derg ilipoanguka mwaka 1991, mwaka uliofuata mifupa yake ikakutwa imefukiwa chini ya zege ndani ya eneo la kasri, na ushahidi uliotolewa baadaye mahakamani ulikuwa kwamba aliuawa. Alizikwa kwa heshima Novemba 2000, katika Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu, miaka 25 baada ya kifo.

Na Mwalimu wa Zamu atafurahi nikisema hivi: kwa kalenda ya Ethiopia yenyewe, kifo kile kilitokea 21 Nehase 1967. Mwethiopia anayekumbuka siku ile hakumbuki 27 Agosti wala 1975.

Sitaki kumsafisha mzee. Njaa ya Wollo ya miaka ya 1972 na 1973 iliua watu wengi sana huku serikali yake ikificha. Lakini mtu aliyesaliti watu wake kwa njaa na mtu aliyesalitiwa na mkataba wa Paris ni huyohuyo mmoja, na mwandishi anayetaja upande mmoja tu anatudanganya.

Kigogo cha Mvule · #9

Hii sijawahi kuisikia popote. Asante mkuu.

Dada wa Sokoni · #10

Na mimi nilete mzee wangu W. E. B. Du Bois. Amefariki 27 Agosti 1963, Accra, akiwa na miaka 95. Alizaliwa Massachusetts mwaka 1868, miaka mitatu tu baada ya utumwa kufutwa Marekani. Aliandika, alifundisha, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi Marekani, aliitisha mikutano ya Waafrika wa dunia nzima kuanzia Paris mwaka 1919. Mwaka 1961 Kwame Nkrumah akamwalika Ghana aongoze kazi ya ensaiklopidia ya Afrika, akaenda, na uzeeni kabisa akachukua uraia wa Ghana.

Kesho yake, 28 Agosti, watu robo milioni walikuwa wamejaa Washington kudai haki za Weusi, maandamano yale ya Martin Luther King. Habari ya kifo chake ilitangazwa jukwaani pale na Roy Wilkins. Mtu aliyepigania jambo kwa zaidi ya nusu karne amekufa usiku wa kuamkia siku ambayo jambo lake lilijaza uwanja mkubwa wa mji mkuu.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki kuna uzi mwingine. Oktoba 1945 kule Manchester ulifanyika Mkutano wa Tano wa Umajumui wa Afrika. Du Bois alikuwepo, akiwa na miaka 77. Nkrumah alikuwepo. Na Jomo Kenyatta alikuwepo.

Bamvua · #11

Dada yangu, umenifungulia mlango wa Kenya bila kujua. Kuna Mkenya hapa atueleze 27 Agosti 2010?

Kiti cha Nyuma · #12

Nipo. Nilikuwa Uhuru Park siku hiyo, nimesimama mbali sana na jukwaa, nikiona kofia tu.

Kwa wasiojua: Kenya ilipata uhuru 1963 na katiba iliyotungwa kwenye mazungumzo ya Lancaster House, London. Baada ya hapo ikarekebishwa mara kwa mara, kila mara rais akizidi kuwa na nguvu. Tulidai katiba mpya miaka na mikaka. Wengine walifungwa, wengine wakapigwa kwenye maandamano ya Saba Saba, Julai 1990. Mwaka 2005 tukapelekewa rasimu kwenye kura ya maoni, ndizi ikiwa alama ya Ndiyo na chungwa ya La, tukaikataa. Kisha ikaja Desemba 2007: uchaguzi ukavurugika, watu zaidi ya 1,100 wakauawa na laki kadhaa wakafukuzwa makwao. Hapo kila mtu alijua kwamba bila sheria mpya tutamalizana.

Kura ilipigwa tarehe 4 Agosti 2010. Ndiyo ilikuwa kijani, La ilikuwa nyekundu. Ndiyo ikapata asilimia 67 hivi. Tarehe 27 Agosti Mwai Kibaki akaisaini hadharani na kuiinua juu ili umati uione. Kaunti 47, Mahakama ya Juu, Sheria ya Haki za Binadamu ndefu kuliko yoyote tuliyowahi kuwa nayo. Nakumbuka mama mmoja wa makamo pembeni yangu alilia kabla hata ya mizinga ya heshima. Kilichotutia doa ni kumwona Omar al-Bashir wa Sudan jukwaani, mtu aliyekuwa anatafutwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), kwenye sherehe ya katiba iliyotaja haki za binadamu kila ukurasa. Lile bado silimezi.

Mpwani wa Kilindini · #13

Ndugu zangu, mie ni wa Mombasa, na sasa naona mnazunguka jambo bila kuligusa. Zanzibar ya 1896 na katiba ya Kenya ya 2010 zina kifungu kimoja kinachozishika. Ibara ya 170: mahakama za Kadhi.

Someni taratibu. Pwani ya Kenya ilikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, ukanda wa maili kumi kutoka baharini. Desemba 1895 Sultani Hamad bin Thuwaini alisaini mapatano ya kuwaachia Waingereza uendeshaji wa ukanda huo kwa malipo ya kila mwaka. Umiliki ulibaki wa Sultani. Ndiyo maana bendera yake nyekundu ilipepea Fort Jesus hadi mwaka 1963, na ndiyo maana Kenya ilikuwa na majina mawili, koloni na himaya. Mahakama za Kadhi zikaendelea na kazi.

Miaka ya mwisho ya ukoloni hapa Mombasa palichafuka kwa suala la Mwambao: wengine walitaka pwani ijitawale, wengine irudi Zanzibar, wengine iwe Kenya. Mwaka 1961 James Robertson aliletwa kuchunguza, akapendekeza ukanda uingie Kenya lakini mahakama za Kadhi zilindwe. Oktoba 1963 Sultani akaachia haki yake, na Kenyatta akampa waziri mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, ahadi ya maandishi kwamba Kadhi atabaki.

Ahadi ile ikaingia katika katiba ya uhuru, na ndiyo iliyoletewa vita mwaka 2010. Viongozi wengi wa makanisa walipinga rasimu kwa sababu mbili, utoaji mimba na Kadhi. Mei 2010 Mahakama Kuu Nairobi hata ikaamua kwamba kuwemo kwa Kadhi katika katiba ya zamani ni ubaguzi. Watu wa bara wengi walidhani Waislamu tunaomba kitu kipya. Hatukuomba kipya. Tulikuwa tumeshika hati ya kukabidhiana nchi. Tena Kadhi wa Kenya anahukumu ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu tu, na wahusika wote lazima wawe Waislamu waliokubali mamlaka yake.

Kwa hiyo tarehe 27 Agosti 2010 Kibaki alipoweka saini, ahadi ile ya 1963 ilihuishwa, na ahadi ile imetoka kwenye mapatano ya 1895, ya Sultani aliyefariki siku mbili kabla ya mizinga ya 1896.

Bamvua · #14

Mpwani, Mungu akuweke. Hili ndilo nililokuwa nalizunguka, na umelisema kuliko ambavyo ningelisema mimi.

Niongeze upande wa Unguja. Hamad alisaini Desemba 1895, na miezi minane baadaye akafa. Waingereza walikuwa wameshaanza kujenga reli ya Uganda kutoka Mombasa. Ukanda ule ndio mlango wake wa baharini. Ninavyoona mimi, hawakuwa tayari kuona kwenye kiti mtu ambaye angeweza kuamka na kuyahoji mapatano yale. Khalid alikuwa mtu wa namna hiyo. Watu husimulia habari ile kama ugomvi wa bendera, lakini nyuma ya bendera kulikuwa na bandari, reli na njia ya kwenda Ziwa Viktoria.

Mwalimu wa Zamu · #15

Nalikubali hilo, kwa sababu lina hati na mlolongo. Hapo tarehe imetufikisha kwenye sababu.

Ila niulize swali gumu, Bamvua. Tukimwonea Khalid huruma, tunasahau watumwa? Kasri lile lililishwa na mashamba ya karafuu, na mashamba yalilimwa na watumwa. Hamoud, "mtu wa Waingereza", ndiye aliyetoa amri ya kufuta hadhi ya utumwa tarehe 6 Aprili 1897, miezi saba tu baadaye.

Bamvua · #16

Swali la haki, na sitalikwepa. Ni kweli. Biashara ya utumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku mwaka 1873, soko la Mkunazini likafungwa na Barghash mwenyewe chini ya shinikizo la Uingereza, lakini watu waliendelea kumilikiwa mashambani na majumbani. Amri ya 1897 ilikuwa hatua ya kweli, ingawa iliwalipa fidia wamiliki na kumtaka mtumwa aende mwenyewe kudai uhuru wake, na masuria wakaachwa nje.

Lakini hao watumwa uliowataja walikuwa wapi asubuhi ya 27 Agosti? Wengi walikuwa ndani ya kasri. Simtetei Khalid hata kidogo. Nawalilia hao: watu walioshikishwa bunduki za bwana wao, wakaunguzwa na makombora ya dola iliyojiita mkombozi wao. Ndiyo maana kicheko cha "dakika 38" siwezi kukivumilia. Kama kuna familia Unguja au Pemba ambayo wazee wake walihifadhi jina hata moja la mtu aliyekuwemo mle, tafadhali aliandike hapa au alipeleke kwenye Nyaraka za Taifa Zanzibar.

Saa Sita Usiku · #17

Nimekuelewa, na nimefuta ile picha niliyokuwa nimeiweka status asubuhi. Swali: mbona wengine wanasema dakika 40, wengine 45?

Bamvua · #18

Inategemea wanaanzia wapi na wanaishia wapi. Ukihesabu kutoka kombora la kwanza saa 3:02 hadi amri ya kuacha kupiga saa 3:40, unapata 38. Wengine wanaanzia saa 3 kamili muda ulipoisha, wengine wanaongeza muda wa milio ya mwisho ya bunduki.

Dada wa Sokoni · #19

Na Khalid aliishia wapi? Na gharama za uharibifu alilipa nani?

Bamvua · #20

Khalid alitoka kasrini akakimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Waingereza wakaweka ulinzi mlangoni wamkamate akikanyaga ardhi ya Zanzibar. Wajerumani wakasubiri maji ya bamvua. Tarehe 2 Oktoba 1896 bahari ilipojaa hadi ukingoni mwa ubalozi, mashua ya manowari Seeadler ikasogea, Khalid akaingia moja kwa moja bila kugusa barabara, akapelekwa Dar es Salaam. Akaishi huko chini ya Wajerumani karibu miaka 20. Mwaka 1916 Waingereza walipoiteka Tanganyika wakamkamata, wakampeleka uhamishoni Ushelisheli na Saint Helena. Baadaye wakamruhusu arudi Afrika Mashariki. Amefia Mombasa mwaka 1927.

Gharama walitozwa wafuasi wake: rupia 300,000, kwa ajili ya mali iliyoporwa mjini siku ile na kwa ajili ya makombora waliyopigwa nayo.

Mpwani wa Kilindini · #21

Walitozwa hata makombora?

Bamvua · #22

Hata makombora.